Saa Haisafiri Ikiwa Hai

Juma lililopita nilipeleka gauni kwa fundi cherehani wa mtaani kwangu. Kabla ya kuanza kazi alidondosha mafuta kwenye mashine yake, yale mafuta mepesi yanayouzwa katika kichupa chenye mdomo mrefu. Harufu ikanifikia nikiwa bado mlangoni. Fundi aliniuliza mara mbili kama nataka mikono mirefu au mifupi, na mara zote mbili nilimjibu ndiyo. Siku tatu kabla ya hapo mama alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba Papa Dezire amefariki huko Butembo, Kongo, wamekwisha kumzika, nami nilikuwa nimesema innalillahi, nikakata simu, nikaendelea kukatakata vitunguu. Sikulia hadi nilipoisikia harufu ile.

Kama ulikulia Bwera, upande wa Uganda wa mpaka na Kongo, miaka tuliyokulia sisi, bila shaka nyumbani kwenu palikuwa na mtu aliyevuka mpaka akaja kulala siku mbili tatu, zikawa miaka. Wa kwetu alikuwa Papa Dezire. Alifika akiwa na rozari shingoni, begi moja la zipu, na mzigo uliofungwa kwa blanketi ambao hakumruhusu mtu kumsaidia kuubeba. Baba alikuwa na lori. Alipeleka chumvi ya Katwe hadi soko la mpakani na kurudi Kasese na kahawa na maharagwe, na huko mpakani ndiko walikojuana. Mama alidhani ndani ya blanketi mna mtoto mchanga. Papa Dezire alipolifungua, tuliona bamba jeusi la chuma lenye matundu ya duara, na ndani ya kila tundu kioo, na nyuma ya kila kioo mshale.

“Ni dashibodi ya ndege,” alisema. “Ndege ya vita, ya zamani sana. Ilianguka, majani yakamea ndani.”

“Na hiyo ndege yenyewe iko wapi?” mama aliuliza.

“Mama Zai, ndege wameipika. Leo asubuhi pengine ulipikia chai ndani yake.”

Hakuwa anatania. Ng'ambo, kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa, watu walikata mabawa na matumbo ya ndege kwa shoka na kuyeyusha bati lake kutengeneza sufuria. Dashibodi hazikuwafaa kwa sababu zimejaa vidude na vioo, basi walizing'oa na kuzitupa kando. Papa Dezire alikuwa fundi saa tangu ujana. Aliposikia habari hizo alianza kuzifuata, akitembea kwa miguu kutwa nzima ili aokote kitu ambacho hata wauza vyuma chakavu walikikataa. Alisema hawezi kueleza kwa nini. Alisema tu, “Mutu aliifanya vizuri sana. Siyo haki.”

Baba alimpa chumba cha stoo. Alimpenda kama watu wawili wenye utani wa rika wanavyopendana. “Dezire,” alikuwa akimwambia, “siku utakayosilimu nitachinja mbuzi wawili.” Naye hujibu bila kuinua macho, “Na siku utabatizwa, Hamidu, minakununulia divai,” na baba huziba masikio akicheka, astaghfirullah.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilipotoka shule nilienda moja kwa moja stoo. Kazi yangu ilikuwa dawa ya meno. Vioo vya geji zile, yaani vipimo vya rubani, vilikuwa vya plastiki ngumu iliyochujuka kwa jua na mvua, na Papa Dezire alinifundisha kuvisugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha fulana, mizunguko midogo midogo, bila kukandamiza, hadi ukungu uondoke na namba zijitokeze. Yeye alitia mafuta ya cherehani kwa ncha ya unyoya wa kuku, tone moja, akalisubiri liingie lenyewe. Maandishi yaliyochongwa kwenye bamba aliyajaza upya kwa nta ya mshumaa iliyochanganywa na chokaa. Hakuharakisha. Hakuwa na tabia ya kukosea. Aliweza kufungua geji yenye skrubu kumi na sita zilizofanana, kuzipanga juu ya gazeti, na baada ya juma zima kurudisha kila moja kwenye tundu lake.

“Chumvi na geji beko maadui,” aliniambia kila baba aliporudi na lori. “Nawa mikono, mutoto, hata kama hukugusa gunia.”

Alinifundisha majina pia. Ile ya urefu wa angani. Ile ya mwendo. Ile yenye mpira nusu mweusi nusu mweupe, inayomwambia rubani ardhi iko upande gani akiwa ndani ya wingu. Na kwenye pembe ya chini, ndogo kuliko zote, saa. Saa ile ukiijaza mara moja, kwa kuzungusha ringi ya kioo chake, hutembea siku nane. Nilimwuliza rubani anataka saa ya nini angani, anachelewa wapi.

“Siyo mambo ya kuchelewa,” alisema. “Geji ya mafuta inaweza kudanganya. Saa haidanganyi. Rubani anaangalia saa, anajua: mafuta yangu ni ya saa tatu, nimekula mbili, imebaki moja. Saa ndiyo inamurudisha nyumbani.”

Hilo nililishika kwa namna ambayo mtoto hushika neno. Nilielewa kwamba saa ikitembea rubani bado ana mafuta. Nilielewa kwamba mwenye dashibodi hii yuko juu mahali fulani, nyuma ya milima yetu, ndani ya wingu lile ambalo halitoki Rwenzori, akizunguka akitafuta uwanja, na kwamba Papa Dezire alipoifufua saa yake alikuwa amemwongezea muda. Sikumwuliza mtu kama ni kweli. Nilikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika haulizi.

Yule aliyekuwa akiisubiri dashibodi alikuwa mzee mmoja wa Entebbe, mkusanyaji wa ndege kuukuu, ambaye baba alimfahamu kwa kumbebea mizigo. Uani kwake palikuwa na kiwiliwili cha ndege ya aina ileile, na mbele ya kiti cha rubani palikuwa tundu tupu. Alikuwa ametuma neno: kama fundi huyu ameitengeneza kweli kama picha alizopelekewa zinavyoonyesha, aje nayo mwenyewe, kuna nyingine sita zinangoja mikono, na chumba cha kulala kipo. Papa Dezire alimwomba baba amsomee ujumbe ule mara tatu. Kisha alikwenda nje, akakaa juu ya tairi la lori, akavuta rozari yake punje baada ya punje. Mtu aliyekuwa akiishi kwa kibali cha kusainiwa upya kila baada ya muda, analala kati ya magunia ya watu, alikuwa amepata mahali ambapo jina lake ni fundi.

Lakini ulikuwa mwaka mbaya. Nisimulie kwa kifupi, maana waliokuwepo hawahitaji kuambiwa. Palikuwa na wanaume waliotoka na hawakurudi, palikuwa na nyumba zilizofungwa mchana, na barabara ya kutoka Bwera hadi Kasese ilikuwa na vizuizi vingi kuliko vituo vya mafuta. Askari waliogopa kila mzigo, wakidhani una bomu. Ndiyo sababu Papa Dezire alikuwa na sharti lake. Saa haisafiri ikiwa hai, alisema. Kitu kinachosema ndani ya sanduku, askari hatakiuliza jina. Hakutaka kuisimamisha kwa nguvu, maana ingeumia. Basi alipojua siku ya safari aliacha kuijaza, na kila asubuhi alichora mstari wa mkaa ukutani. Siku nane.

Mimi niliuona ukuta ule kama hesabu ya mtu anayekufa. Mstari wa tano, wa sita. Nilipoweka sikio kwenye kioo niliisikia inavyochoka. Usiku wa nane ilinyamaza. Papa Dezire aliinama juu yake, akasikiliza kwa muda mrefu, akamwita baba naye asikilize. Kisha akaivika dashibodi blanketi mbili, akailaza ndani ya sanduku la mbao, akaacha kifuniko bila misumari hadi asubuhi.

Asubuhi walikuwa sebuleni wakinywa chai. Mama alikuwa akinisuka nywele, kwa sababu nami nilikuwa naenda na lori hadi Kasese kwa nyanya yangu, shule ilikuwa imefungwa. Nikasema naenda haja. Niliingia stoo, nikafunua blanketi, nikaizungusha ile ringi ya saa kama nilivyomwona akifanya, mara nyingi, hadi ikakataa. Ikaanza. Niliirudishia blanketi vizuri, pembe kwa pembe. Nilijisikia mwema kuliko nilivyowahi kujisikia maishani. Muda mfupi baadaye Papa Dezire alipigilia misumari, ko ko ko, na baba akawasha injini.

Tulikaa watatu mbele, mimi katikati. Papa Dezire alikuwa amevaa koti la suti na alinukia sabuni. Baba alimtania njia nzima kwamba Entebbe watampa mke wa Kiganda atakayemlisha matoke hadi asahau ugali wa muhogo. Kabla ya njia panda ya kwenda Kisinga kulikuwa na magogo barabarani na askari sita.

“Simama! Zima gari! Wote chini!”

Baba alizima, tukashuka. Ukimya uliofuata naukumbuka hadi leo, ule unaokuja injini kubwa inapokufa na masikio yanaanza kuokota vitu vidogo: ndege wadogo kwenye shamba la pamba, redio ya askari, bati linalopoa.

“Nini iko nyuma?”

“Kahawa, afande. Maharagwe. Na sanduku moja la fundi huyu.”

Askari kijana alipanda juu. Tulimwona akipita juu ya magunia, akainama, halafu akabaki ameinama. Kisha aliruka kutoka huko juu bila kutazama anapotua, akaanguka, akainuka akikimbia. “Inalia! Inalia ndani!”

Wote walilala chini. Baba alinisukuma mtaroni akalala juu yangu, tope likaniingia mdomoni. Papa Dezire peke yake alibaki amesimama. Uso wake haukuwa wa mtu anayeogopa. Ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu mfukoni.

“Ni saa,” alisema. “Ni saa tu, afande. Lakini haiwezekani. Mimi niliiacha ikalala.”

“Fungua wewe mwenyewe! Sisi tuko hapa. Fungua!”

Alipanda. Aliing'oa misumari mmoja mmoja huku bunduki sita zikimtazama. Aliinua dashibodi kwa mikono miwili ili waone, na jua likapiga vile vioo nilivyovisugua, vyote kwa pamoja.

Hofu ya askari ilipotoka iligeuka kuwa hasira, kisha kicheko. “Mzee, na ndege yenyewe iko wapi? Umekuja na macho yake tu?” Lakini mkubwa wao hakucheka. Alisoma maandishi ya jeshi kwenye bamba, akasoma kibali cha Papa Dezire, akauliza mtu wa Kongo anapeleka wapi kifaa cha vita, na kwa nini kimetegwa.

“Hakikutegwa, afande.”

“Mbona kinatembea?”

“Sijue.”

“Wewe ndiye fundi na hujui?”

Papa Dezire aliinamia saa, akaisikiliza tena. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, tope kinywani. Mkubwa wa askari alinitazama hata mimi, mara moja, kama unavyotazama kuku aliyepita. Lingetosha neno moja. Nilifikiri nikisema nitawekwa mimi nyuma ya gari lao. Wakamweka yeye, pamoja na sanduku.

Alikaa kambini wiki tano. Baba alikwenda kila alipoweza, akiwa na barua za mwenyekiti wa mtaa, za imamu, za padri. Nyumbani watu walikuja kutoa pole na wote waliuliza swali moja, na baba aliwajibu wote jibu moja: “Alisahau. Tulisikiliza wote usiku ule, nami niliona imenyamaza, lakini labda aliijaribu tena asubuhi akasahau. Umri.” Mama alitikisa kichwa. “Akili yenyewe imebeba mengi, maskini.” Mimi nilikuwa nikigawa chai. Kila mgeni aliyekuja ukweli ulizidi kuwa mzito kuutamka, maana sasa ungemlazimu baba arudi nyumba kwa nyumba kuukanusha.

Walipomwachia alirudi bila dashibodi. Hatukujua ilikoishia. Alikuwa amekonda, lakini mwili wake ulikuwa mzima. Baba alimshika mabega akimkagua kama mtoto.

“Habakunipiga,” Papa Dezire alisema. “Balinicheka tu. Kila siku mumoja anakuja: wewe fundi, uliijaza lini? Minafikiri, minafikiri. Sioni. Hamidu, pale ndani ya kichwa, ile asubuhi, hakuna kitu.”

Mzee wa Entebbe hakukasirika. Alituma neno kwamba yaliyotokea yametokea, fundi aje hata mikono mitupu, zile sita bado zipo. Baba alimletea habari hiyo kwa furaha, jioni, tukiwa tunakula. Papa Dezire aliweka kijiko chini.

“Mwambie merci, aksanti mingi. Mwambie ndege haitaki mutu wa kusahau.”

“Dezire, ni saa tu. Hakuna aliyekufa.”

“Mutoto alikuwa ndani ya gari. Kama yule askari alipiga risasi? Mutoto wako, Hamidu, kwa sababu ya kichwa yangu.”

Akaniwekea mkono juu ya kichwa. Nilikuwa na tonge mkononi. Nasema haya kwa watu wa umri wangu, wenye watoto wao sasa, ambao mtanitetea kwamba nilikuwa mdogo. Nilikuwa mdogo. Lakini nilielewa. Nilielewa kabisa kwamba ninacho kitu chake, kwamba naweza kumrudishia sasa hivi, mbele ya sahani hii, na atasimama na kwenda Entebbe. Nikala tonge langu.

Hakuna adhabu iliyonipata. Kilichonipata kilikuwa kibaya zaidi, kilikuwa kitamu. Papa Dezire alianza kunihitaji. Alifunga stoo, akatembea hatua kumi, akarudi kuushika mlango. Kisha akaanza kuniita. “Zai, nimefunga?” Nami nakimbia, nashika kufuli, nasema umefunga, Papa. “Zai, jiko nimezima?” Umezima. “Nilikunywa dawa?” Ulikunywa. Alikuwa hajasahau kitu hata kimoja, siku zote hizo, na mimi ndiye niliyekuwa shahidi pekee. Dashibodi ya pili aliyokuwa akiitengeneza stoo, iliyokuwa imefika nusu, aliifungua na kuifunga na kuifungua tena hadi skrubu zikalika, mpaka asubuhi moja akampa mpita njia wa vyuma chakavu. Aliniomba nimkumbushe asije akamwuliza mtu imekwenda wapi.

Wakati mwingine, na hili sijawahi kumwambia mtu, nilipokuta kufuli limefungwa nilimwambia lilikuwa wazi.

Aliamua kurudi Butembo kwa dada yake. Kulikuwa na vita huko, baba alimsihi mno, lakini alisema mtu aliyeharibika aharibikie kwao. Tulimsindikiza hadi daraja la mpakani siku ya soko. Baba alikwenda kuongea na watu wa uhamiaji, tukabaki wawili pembeni, watu wakitupita na mikungu ya ndizi na majerikani ya mafuta ya mawese. Chini yetu mto ulikuwa umejaa. Aliweka begi lake la zipu chini mbele yangu.

“Zai, angalia kama nimefunga. Makaratasi yote iko ndani.”

Nilichuchumaa. Zipu ilikuwa imefungwa hadi mwisho, na hata kale kajino ka mwisho alikuwa amekafunga kwa uzi. Ndipo wazo likanijia, la mtoto, likiwa kamili kabisa: mtu anayesahau hawezi kwenda mbali peke yake. Akiogopa vya kutosha atageuka.

“Ulikuwa umeiacha wazi, Papa,” nilisema. “Yote. Makaratasi yangeanguka mtoni.”

Kisha akachukua begi, akalipachika begani, akalikumbatia mbele kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa.

“Merci, mutoto,” alisema. “Wewe peke yako ndiye unaniambia ukweli.”

Akapanda daraja, taratibu, na kila baada ya hatua chache alisimama katikati ya watu kuishika zipu.